Waya wa Sumaku wa Kaka Baya

Jumamosi, 14 Juni. Leo nitasema yote, hata yasiyo na adabu.

Nilimwomba kaka Baya waya wa kawaida wa kuchajia laptopu. Akaniletea wa sumaku. "Mtu akiukwaa unabanduka wenyewe, dada. Huo wa kuchomeka ni wa kishamba."

Baya hukata na kuchomelea mageti mlangoni petu. Kufikia jioni ncha ya waya ilikuwa imeota ndevu za vumbi la chuma, na laptopu haichaji. Mradi wangu wa kompyuta umo humo, na mwalimu anautaka Jumatatu.

Nilipomwonyesha alicheka. "Basi zinyoe."

Namchukia mpaka kesho. Huenda kesho akaninunulia wa kawaida.

Sasa nijibu upesi, shajara yangu: mtu anayekata chuma kila siku alidhani sumaku itavuta nini?