Mabawa ya Kitambaa

Dada Mwanaidi mpenzi,

Salamu kutoka Brussels, ambako mvua inanyesha kama haina kwao. Jana mwanangu Asha alinipeleka makumbusho ya jeshi, karibu na kwake Etterbeek. Nimeona ndege ya zamani, dada, hata sijui nikueleze vipi. Ni fito, waya na kitambaa, bawa moja kila upande, na kiti kidogo kisicho na mlango. Imening'inizwa darini, nami nikabaki nimeinua shingo, mdomo wazi.

Bibi mmoja wa hapa akasimama kando yangu. Asha akanitafsiria maneno yake: "Babu yangu alirusha ndege kama hii, wakati majeshi ndiyo kwanza yanajifunza kutumia ndege. Hakuwa na bunduki wala mwavuli wa kurukia. Alikwenda juu kutazama adui yuko wapi, akachora alichokiona, akarudi kuwaambia wenzake."

Nikauliza, "Mama yake alikubali?"

"Alilia sana," akajibu. "Halafu akaenda kuomba kazi kiwandani, akawa anashona vitambaa vya mabawa."

Nikakukumbuka wewe, ambaye husemi na binti yako Zuhura tangu achaguliwe kusomea urubani jeshini. Hofu yako naielewa, tena sasa zaidi. Lakini mpigie simu mwanao, dada. Asiende angani bila kusikia sauti ya mama yake.

Nakukumbatia, wewe na nyumba nzima.

Mdogo wako,
Rehema