Panga Ambalo Halikupita Motoni

Masoko, Tukuyu
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lugano,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima na baridi ya huko Ulaya haijakuzidi. Sisi hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua, na mvua ya Masoko unaijua, haina likizo. Anakusalimu, anauliza kama umepata wa kukupikia.

Kwanza unisamehe kwa siku ile nilipokukatia simu. Kanisa zima tulikuombea upate kazi ya maabara, halafu unaniambia umeikataa! Ulinieleza kwamba vijidudu unavyoviogopa bado havipo, ila kazi ile ni njia ya kuvifikia: bakteria ambao kila kitu ndani yao kimegeuzwa kama kwenye kioo, mfano wa gambuti la kushoto lisiloingia mguu wa kulia, na kinga ya mwili huenda isiwatambue kabisa. Nikakuuliza kwa nini msitengeneze na dawa yake. Ukasema dawa nyingi tulizonazo hazitawaweza, na hizo chache zitakazoweza zitamsaidia mgonjwa aliyelazwa, lakini nani atawanywesha vyura, ng'ombe na migomba ya dunia nzima? Nikaona umesoma mpaka umechanganyikiwa.

Mwezi wa nne mnyauko ukaingia kwenye migomba ya jirani yetu Zuber, kisha ukaonekana na kwangu. Bwana shamba alishatufundisha kwamba mgomba ukiugua hauna dawa, ni kung'oa na kufukia. Kinga ni kupitisha panga motoni kila utokapo shina moja kwenda jingine. Zuber aling'oa mashina arobaini. Akanitania kwamba shamba lake sasa ni uwanja wa mpira, niwalete wanakwaya wangu tuone kama wanajua kukimbia. Kisha akaja na mkewe Asia, wamebeba sukari na kanga, kuniomba msamaha. Alisema miche aliyonunua Matwebe ndiyo iliyoleta ugonjwa, mpaka ukavuka kwangu.

Nilipokea, Lugano. Nikamwambia yameisha, jirani.

Ukweli ni kwamba mgomba wangu nyuma ya jiko ulianza kunyauka mwezi wa pili. Mzee wa kanisa mimi, nikaona aibu, nikaukata na kuufunika kwa majani. Wiki hiyohiyo Zuber aliumwa mgongo, akaniomba nimpunguzie majani ya migomba yake. Nilikuwa nawahi kwaya. Moto ulikuwa jikoni, hatua kumi tu, nikasema siku moja haidhuru. Nikaingia kwake na panga lilelile.

Sasa nimekuelewa. Wewe ulisimama panga likiwa bado mkononi. Namshukuru Mungu kwa ajili yako, na wanaoniuliza kanisani kwa nini umeikataa kazi nitawajibu bila kuinamisha kichwa.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nisigeuke njiani. Nikishafunga bahasha hii naenda kwa Zuber. Kanga ya Asia nimeshaikunja. Sukari, Mungu anisamehe, tumeinywa yote. Uniombee.

Ndaga fijo, mdogo wangu. Asante ya Kiswahili haitoshi.

Dada yako akupendaye,
Tulia