Kibao Alichochonga Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku Uingereza, nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Goti lako limepoa? Mikorosho imetoa maua mwaka huu? Mimi mwili mzima. Moyo ndio si mzima, na ndiyo maana barua hii imechelewa. Nimeiandika mara tatu nikaichana.

Najua anayekusomea ni mdogo wangu Somoe, anakugeuzia kwa Kimakonde mstari kwa mstari. Somoe, nakuomba usiruke neno, hata ukikuta jina lako.

Mama, masomo yanaendelea. Tuko walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingi, na kila mmoja ana Kiingereza cha kwao. Mimi wananitania eti nakisema kama mtu anayehesabu mihogo. Profesa wetu anasema lugha hii sasa ni ya dunia nzima, Waingereza hawawezi tena kudai ni yao peke yao. Wiki iliyopita alitaka kila mtu aeleze anavyoifundisha kwao. Zamu yangu ilipofika nikasimama, kifua mbele, nikaeleza habari ya kibao.

Unakikumbuka? Kile cha mpingo alichochonga marehemu Baba nilipopangiwa kufundisha shule ya hapo kwetu. Aliniuliza cha nini, nikamjibu cha shule. Basi mzee wa watu akakichonga kwa mapenzi, akakizungushia nakshi, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Sikumwambia ni cha aibu. Mtoto niliyemsikia akisema Kimakonde, au hata Kiswahili, ndani ya uzio wa shule nilimvika shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Nami nilivikwa cha namna hiyo nikiwa mwanafunzi, nikadhani ndio ualimu wenyewe.

Siku ile ulikuja shuleni na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi ulivyochimba porini. Somoe alikuwa darasa la sita, darasa langu. Alikuona, akakukimbilia, akakuamkia kwa Kimakonde. Angekuamkia kwa nini kingine, nawe hujui lugha nyingine? Na mimi, mwanao wa kuzaa, nikatoka na kibao mbele ya wanafunzi wote nikamvika. Niliogopa watasema nampendelea ndugu yangu.

Ukaitambua kazi ya Baba. Ukapiga vigelegele. Kila uliyekutana naye njiani ukamwambia Somoe kapewa zawadi shuleni, na baba yake ndiye aliyeichonga. Wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Somoe hakucheka wala hakulia. Alikushika mkono akakusindikiza hadi barabarani, kibao kikiwa shingoni, akakuacha uendelee kufurahi. Wiki hiyohiyo akaacha shule. Ukanisihi nimrudishe, ukisema mtoto aliyepewa zawadi haachi shule bure. Nikakwambia amekuwa mkaidi tu. Nilikudanganya, Mama. Baba naye alikufa akiamini uongo huo, na Somoe hajanisuta hata siku moja.

Nilipomaliza kueleza darasani, profesa aliniuliza swali moja: watoto wale wako wapi sasa? Nikakaa chini.

Jioni nikamsimulia bibi mwenye nyumba ninakopanga. Yeye si Mwingereza, ni mtu wa Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Akaacha kumenya viazi. Akaniambia bibi yake alivikwa kibao kama hicho shuleni, kwa kosa la kusema lugha ya kwao.

“Alikufa bila kunifundisha hata salamu,” akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Mama, nilikwenda chumbani nikalia. Nilimkumbuka mtoto wa Somoe, anavyokaa na wewe barazani mnatazamana tu. Unamsemesha, haelewi. Mama yake anamsemesha Kiswahili peke yake, na nilipomuuliza sababu alinijibu hataki mwanawe aje kuchekwa. Nilimsifu! Nilimwambia amefanya jambo la maana.

Kibao kimo ndani ya sanduku langu, ufunguo uko nyuma ya picha ya Baba. Kazi ya Baba ni nzuri, aibu ni yangu. Mkikitia motoni sawa, mkikitundika ukutani sawa. Ila mimi sistahili kukishika tena.

Nisalimie mjomba muuza chumvi, shangazi yetu wa ng'ambo ya Ruvuma kama amevuka salama, na jirani mfinyanzi aliyenipikia uji siku naondoka.

Somoe, mdogo wangu, sitakuomba msamaha kwa karatasi. Nitakuja kuuomba kwa mdomo wangu, kwa Kimakonde, hata kama kimeota kutu. Kwa sasa najua umenyamaza, na Mama anakuuliza kuna nini. Mwambie. Na mwite mwanao akae karibu, asikie mama yake anavyosema na bibi yake.

Mimi mwanao,
Bakari