Kadi Niliyomfundisha Mathe

Kariobangi South,
Jumapili

Dada Kasiva,

Sasa dada yangu? Natumai joto la Doha halijakumaliza, na yule mama unayemfanyia kazi bado anakuachia Ijumaa yako. Huku tuko, hatulali njaa. Kibanda changu cha kutengeneza simu kinasonga. Mathe anakusalimia sana, wewe binti yake. Nimeandika kwa karatasi, Kisilu wa hapa jirani atakuletea akirudi huko Jumatano, kwa sababu kwa simu ungenikatia kabla nimalize.

Ulisema unaandika malalamiko dhidi ya Daktari Selpher, eti kliniki ilikula mchango wetu ikakula na macho ya mathe. Ngoja. Usitume. Soma hii mpaka chini.

Unakumbuka vile sukari ilimshika macho, kliniki ikamweka kwa utafiti wa dawa mpya. Kulikuwa hakuna kamera ya kupiga jicho kwa ndani, basi wagonjwa wenyewe wakasema watachanga inunuliwe. Mathe alikuwa moto kuliko wote! Aliweka mkebe kwa meza yake ya ndengu, na mteja hapewi chenji kabla aulizwe kama yeye haogopi kuwa kipofu. Mzee Njogu, mgonjwa mwenzake, alimtania eti akipona ataona vile yeye amezeeka, atamtoroka. Mathe akamjibu sura yake inajulikana hata stima ikipotea. Wewe ukatuma, kanisa likatoa, mimi nikawa wa kupiga picha na kuposti. Watu wakanisifu, nikajiona mtu.

Kabla kamera ifike walipima kwa ile kadi ya herufi E, moja inaangalia juu, nyingine kulia, nyingine chini, na wewe unaonyesha kwa mkono. Ukipoteza mistari miwili uliyokuwa unasoma unatolewa kwa utafiti, unadungwa sindano ya jicho haraka kabla damu imwagike ndani.

Mwezi wa kumi mathe alirudi kutoka kupimwa. Alikuwa amepoteza mstari mmoja. Alilia kwamba akitolewa yeye, mwenye anaombea wengine, nani tena ataweka hata shilingi kwa mkebe?

Dada, ni mimi. Nilipiga ile kadi picha nikijifanya naangalia saa kwa simu. Jikoni yeye anachambua ndengu, mimi nagonga sufuria na kijiko: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Kama kwaya. Tulicheka! Akasema ningekuwa mwalimu. Mwezi wa kumi na moja alionyesha mpaka mstari wa saba, wa herufi ndogo, Daktari Selpher akamkumbatia. Krismasi alisimama kanisani akashuhudia dawa inafanya kazi, nami nikarekodi. Wiki hiyohiyo aligonga kichwa kwa mlango wa choo, mchana. Niliona. Nikaendelea kuposti.

Februari damu ilijaa macho yote mawili. Daktari alisoma faili mara tatu, akaniuliza imewezekanaje. Nikamshika mathe mkono, nikamtoa nje. Na Mzee Njogu alikuwa amekataa sindano, eti anangoja ile dawa iliyomponya Mama Kasiva imponye na yeye. Siku hizi anashikwa mkono kuvuka barabara.

Kamera imefika wiki jana. Wamebandika karatasi: zawadi ya wagonjwa. Wakampiga mathe picha wa kwanza, kwa heshima. Ilitoka nyeusi.

Amenikataza kukwambia. Anasema ni yeye aliomba. Aliomba mara moja tu, dada. Hiyo miezi mingine ni mimi nilimkalisha chini.

Leo baada ya kanisa nimemkuta kwa kiti chake, mkono hewani: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Ameniuliza kama amepata.

Nimemwambia amepata yote.

Wasalimie wasichana unaoishi nao, na ukule vizuri. Hayo malalamiko kama lazima uyaandike, toa jina la Daktari, weka langu.

Ni mimi mdogo wako,
Mutie