Saloni Yako Ilipotolewa Viti

Papa Mugisho,

Ni mimi Furaha, niliyejifunza kazi ya kuvisha viti vitambaa kwenye atelye yako. Pole na safari. Huku bado tunakulilia, lakini leo nina la kukuchekesha.

Unakumbuka walivyokucheka ulipoandika "Décorateur", yaani mpambaji wa nyumba, mlangoni? Enzi za Wabelgiji kazi hiyo haikuwa na mwenyewe: seremala alitengeneza kiti, wewe ukakivisha kitambaa, na madame mwenye nyumba akaonyesha kwa kidole kiwekwe wapi. Madame alipoondoka, kidole kikaondoka naye. Kila mtu akajaza viti saloni, sebuleni mwake, mpaka mlango ukagoma kufunguka. Ukasema kuonyesha kwa kidole nako ni kazi. Wakakujibu: "Kuhamisha kiti? Batoto yangu banahamishaka bure."

Ulipofariki, mdogo wako, Tonton Birindwa, alitaka kugeuza atelye kuwa baa. Nilimsihi. Akanipa mpaka siku ya kuondoa matanga nipate walau mteja mmoja wa kulipia kupangiwa saloni tu, bila kushonewa hata mto. Nikakulilia wewe, na nikajililia mwenyewe pia, sikufichi.

Basi kwenye matanga yako, kama desturi, tulitoa viti vyote ili watu wakae kwenye mikeka. Maman Nsimire wa mtaa wa Bagira akaingia akilia kwa sauti. Katikati ya kilio akanyamaza, akatazama kuta.

"Furaha, saloni ya muzee iko kubwa hivi?"

Nikamwambia ni sawasawa na yake. Akapangusa machozi. "Basi kesho ukuje kwangu."

Nyumba yake unaijua: kabati limeziba dirisha, wageni wanaingia ubavu ubavu. Nilitoa kila kitu uani nianze upya. Majirani walipoona viti vinatoka, wakajua kuna kifo. Wakaja na kuni, unga wa muhogo na vilio. Maman Nsimire akawaambia hakuna aliyekufa, nao wakazidi kumshika mikono, maskini, uchungu umemchanganya. Mumewe aliporudi kutoka kazini, akakuta anayeliliwa ni yeye, na jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka ndiye analia kuliko wote.

Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha kwanza nilichokwisha kukipanga. Akatazama nje dirishani.

"Hii dirisha ilikuwaka wapi?"

Alilipa kabla sijamaliza kazi. Kuni hakuzirudisha.

Habari zilimfikia Tonton kabla yangu. Alinipa ufunguo huku anatazama pembeni.

Papa, nilipofungua atelye niligeuka nikusimulie, kama nilivyozoea. Nikaona kiti chako tu. Kiko mahali pabaya, kinaziba njia, kila siku najigonga goti hapo. Kingekuwa cha mteja, ningemfokea. Lala salama, Papa. Nitapanga saloni za Bukavu nzima nikipewa nafasi, lakini hicho nakuahidi sitakihamisha.

Furaha