Lugha Mbili, Malipo Mawili

Mjukuu wangu Zaina,

Pokea salamu za Gisenyi. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume. Mimi sasa safari yangu ndefu huishia mlangoni. Umeuliza kwa nini ofisini kwenu tangazo moja hutafsiriwa na watu wanne, wote wakilipwa. Nikujibu kabla sijaondoka.

Miaka ya hamsini nilikuwa mkalimani wa serikali. Bwana wa Kibelgiji aliyeamua kesi alijua Kifaransa tu. Kwa amri ya ofisi, mwenzangu Kalinda aligeuza Kinyarwanda kuwa Kiswahili, mimi nikageuza Kiswahili kuwa Kifaransa, na mwananchi akatulipa sote wawili.

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Nyamyumba, kando ya ziwa. Mumewe, mvuvi, alikuwa ameshikwa kwa ugomvi, na lori la kumpeleka gerezani Ruhengeri lilikuwa uani.

"Siku ile ya ugomvi alilala na homa!" alilia kwa Kinyarwanda.

Nilimnong'oneza Kalinda, "Nimwambie Bwana moja kwa moja kwa Kifaransa?"

"Bon, na mi nitakula nini?" akacheka. "Alipe kwanza."

Kalinda akamtajia mama malipo yetu. Mama akakimbilia sokoni kuuza wavu wa mumewe, huku wafungwa wakianza kupandishwa. Aliporudi, mumewe alikuwa ameshakaa ndani ya lori. Tukatafsiri. Bwana akamwachia huru papo hapo.

Kwa furaha nikawaaga kwa Kinyarwanda. Mama akageuka.

"Kumbe ulikuwa unanielewa tangu asubuhi?"

Mumewe akamshika mkono, wakateremka kuelekea ziwani bila wavu.

Uniombee, mwanangu.

Babu yako