Kioo Kinachokimbia Mvua

Yaya Mwansa, mkubwa wangu,

Huku Lubumbashi mvua zimeanza, na najua huko Kasomeno unatazama mawingu ukiwaza samaki wetu na friza isiyo na umeme.

Jana nilifika komini ya Kenya, mtaa wa humu humu mjini, kwa Ilunga, yule fundi wa paneli mpya za jua. Anamwaga dawa ya manjano juu ya kioo, anaiita perovskiti, anaivuta kwa bapa la chuma kama mtu anayepaka siagi mkate, kisha anaipasha moto inakuwa nyeusi. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiliwasha taa palepale. Nikamwambia friza yetu haitaendeshwa na kiganja. Akatoa nje kioo kikubwa kama mlango wa kabati, na juu yake nikaona mistari na vitobo.

"Mama, iko muzuri. Itakaa myaka mingi kwa paa yenu."

Hapo matone yakaanza. Yaya, mtu huyo alivua shati, akafunika kioo, akakimbia nacho ndani. Tone moja lilikuwa limeshakipata, na pale pakarudi manjano.

"Ni juu ya kuwa sijaifunga bado, maji yasiingie," akasema bila kunitazama.

Nilipotoka getini nikageuka kuangalia paa la nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na paneli za zamani, zile za bluu, zinanyeshewa bila wasiwasi.

Jifunike vizuri usiku, kifua chako nakijua. Nakuletea za bluu.

Mdogo wako akupendaye,
Chanda